Kompyuta Isiyokuwa na Herufi A

Msomaji mpenzi, kabla hujanicheka naomba unisikilize kwanza, maana kucheka utacheka tu. Mimi ni kijana wa mjini Bukoba, mkazi wa Rwamishenye, mwenye akili zangu timamu, niliyemaliza kidato cha sita na kusoma vitabu vingi kuliko mahitaji ya mtu anayeuza vocha na kufundisha watoto wa watu tuisheni. Mtaani wananiita Profesa. Basi huyo Profesa ndiye aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia, tena akashangilia gunia lilipokuwa linafungwa.

Chanzo cha yote ni hadithi. Mimi huandika hadithi. Naandika kwa mkono, kwenye daftari kubwa la kaunta, usiku wenzangu wakiwa wamelala. Tuko vijana watano tunaokutana Jumamosi jioni kule ufukweni, upande wa uwanja wa ndege, tunasomeana tulichoandika huku upepo wa ziwa ukitunyang'anya karatasi. Sasa hadithi ya kwenye daftari haina pa kwenda. Magazeti hayaitaki, mashindano hayaitaki, wote wanataka iliyochapwa, tena itumwe kwa barua pepe. Na kuchapisha kwenye steshenari mjini ni shilingi 1,000 kwa ukurasa. Hadithi ya kurasa kumi na tano ni 15,000. Ukikosea, ukitaka kubadili mwisho, unalipa tena. Na mimi, ndugu yangu, nina tabia ya kubadili mwisho.

Kwa hiyo nilitaka kompyuta mpakato yangu mwenyewe. Si mpya, maana mpya ni ndoto ya mchana. Iliyotumika tu, itakayofungua ukurasa mweupe na kuninyamazia.

Hapo ndipo mshikaji wangu mmoja wa Hamugembe aliponionyesha ukurasa wa Instagram wa muuzaji fulani wa Dar es Salaam. Huyu bwana alikuwa na mnada kila Ijumaa usiku. Saa mbili anaweka picha ya kitu na dau la kuanzia. Watu wanataja madau yao pale chini kwenye maoni. Ikifika saa tatu kamili, dau la juu ndilo linalochukua. Niliangalia minada mitatu bila kusema neno, kama mtu anayetazama maji kabla ya kujitosa. Simu zilinunuliwa, redio zilinunuliwa, watu waliandika "asante bosi, mzigo umefika". Nikajiambia, hapa pana ukweli.

Ijumaa ya nne ikawekwa kompyuta. Maelezo yake nayakumbuka mpaka leo kama mtu anavyokumbuka kiapo: kutoka Ulaya, imetumika kidogo ofisini, betri inakaa saa tano, kumbukumbu giga 8, haina mkwaruzo. Picha tatu. Ilikuwa inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Dau la kuanzia, 180,000.

Ukweli ni kwamba akiba yangu yote ilikuwa 185,000. Nikataja 185,000. Hazikupita dakika mbili, jamaa mmoja akataja 200,000. Akaja mwingine, 220,000. Msomaji, sijui kama umewahi kushiriki mnada. Kuna kitu kinaingia mwilini. Hushindani tena kwa ajili ya kitu, unashindana na yule anayetaka kukunyang'anya kitu ambacho hata hujawa nacho. Nikataja 250,000, hela ambayo sina. Yule akataja 280,000. Nikapanda, wakapanda. Saa mbili na dakika hamsini na nane nikataja 335,000, na wale wawili wakanyamaza ghafla, kama jogoo waliomwagiwa maji. Saa tatu kamili muuzaji akaandika: "Hongera Bukoba!" Nikaruka kitandani kwa furaha. Halafu nikakaa chini, nikaanza kujiuliza 150,000 nitazitoa wapi kabla ya Jumatatu.

Jibu lilikuwa Muleba.

Bibi yangu mzaa baba anaishi huko, kwenye kijiji ambacho ukishuka barabara kuu bado unachukua bodaboda kupandisha kilima. Ulikuwa msimu wa kahawa, na chama chao cha msingi kilikuwa kimeshalipa malipo ya mnada. Jumamosi asubuhi nilikuwa mlangoni kwake. Nilipiga magoti nikamwamkia, akanipa kahawa ya kutafuna kwenye kile kikapu chake kidogo kama mgeni mwingine yeyote, akaniacha nimalize kuzunguka. Nilizunguka sana. Nikaanza na afya, nikapita kwenye mvua, nikagusa migomba, mwisho nikatua.

"Hiyo kitu umeiona?" akauliza.

"Nimeiona bibi. Picha tatu."

"Mimi nimeuliza kitu. Umenijibu picha."

Nikacheka. Nikamweleza jinsi dunia ilivyobadilika, kwamba siku hizi watu wananunua hata magari kutoka Japani kwa kuangalia picha tu. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akanisimulia habari ya butura.

Vijana wa mjini pengine neno hili hamlijui, lakini wakulima wote wa kahawa wa Kagera wanalijua. Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, mara nyingi ikiwa bado maua. Umebanwa na shida, ada au ugonjwa au msiba, anakuja mwenye hela, anatembea shambani, anatazama maua, anakupa bei yake. Msimu ukifika anakuja na magunia kuchukua mali yake. Serikali imeshaipiga marufuku mara nyingi, lakini shida haijui marufuku. Mwaka baba yangu alipochaguliwa kwenda sekondari, babu aliuza kwa butura. Alipokea hela ya gunia moja. Wakati wa mavuno yakaondoka matatu.

"Babu yako hakuibiwa," bibi akasema. "Alikubali mwenyewe. Mwenye shida akiuza maua, au akinunua maua, ni yule yule."

Akaingia ndani, akatoka na fundo la kanga. Akahesabu 150,000 mara mbili. "Hii ni mkopo," akasema. "Siyo zawadi. Zawadi nilishakupa, hiyo kahawa unayotafuna."

Nililipa Jumapili. Jina lililotokea kwenye simu wakati wa kutuma hela halikufanana na jina la ule ukurasa hata kidogo. Niliona. Nasema tena, niliona, siyo kwamba sikuona. Lakini mtu aliyeamua kwenda harusini hasumbuliwi na mawingu. Nikabonyeza namba ya siri.

Mzigo ulipakiwa kwenye basi la kutoka Dar es Salaam. Ni safari ya kama kilomita 1,400: Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Biharamulo. Basi linaingia Muleba kabla ya Bukoba, na kwa vile nilikuwa bado kwa bibi nikimsaidia kuanika, nilimpigia kondakta anishushie hapo hapo. Stendi ya Muleba nilifika saa moja kabla. Nikalipa 15,000 ya usafirishaji, nikapakata boksi kwenye bodaboda kama mtu aliyebeba mtoto mchanga kutoka hospitali.

Tukalifungulia kwenye mkeka, bibi akiwepo, baba mdogo akiwepo, na watoto wa jirani sita hivi. Ilikuwa nzuri kwa nje, sitasema uongo. Nikachomeka chaja, ikawaka. Watoto wakapiga makofi. Kulikuwa na mstari mmoja wa kijani unaoshuka kwenye kioo kutoka juu hadi chini, nikajifanya siuoni. Nikafungua ukurasa mweupe. Nikataka niandike jina la bibi, kwa heshima, liwe neno la kwanza.

Jina la bibi lina herufi A mbili. Hazikutokea.

Nikajaribu "Muleba", ikaja "Muleb". "Bukoba" ikawa "Bukob". "Kahawa" ikawa "khw", kama mtu anayekohoa. Nilibonyeza ile herufi kwa upole, nikabonyeza kwa hasira, nikabonyeza kwa kucha. Wapi! Sasa nakuuliza wewe mwandishi mwenzangu: Kiswahili bila A ni lugha gani? Hela huandiki, haki huandiki, mapenzi huandiki, hata aibu huandiki. Neno lililoandikika vizuri bila tatizo lolote lilikuwa "deni".

Nikachomoa chaja ili nisogee kwenye mwanga. Ikazimika papo hapo. Ile betri ya saa tano haikukaa hata sekunde tano.

"Imelala?" bibi akauliza.

"Eeh bibi. Imechoka na safari."

"Lakini ni nzima?"

Hapa ndipo aibu yangu inapoanza, msomaji. Si kwenye kuibiwa. Kuibiwa kunampata kila mtu. Nilimtazama yule mama aliyeinamia mikahawa toka kabla baba hajazaliwa, nikamwambia: "Nzima kabisa bibi. Inaandika vizuri sana." Naye akatikisa kichwa kwa furaha, akaenda kumenya ndizi.

Kesho yake nikarudi Bukoba, nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini, mzee mpole asiye na haraka. Aliifungua, akaichungulia kama daktari wa meno. Kumbukumbu si giga 8, ni 4. Betri imekufa, na haikufa jana. Ndani mna alama za chuma cha kulehemu, maana yake ilishafunguliwa na kuunganishwa. Kibodi imemwagikiwa kitu, chai au soda. Kibodi nyingine ni 45,000, betri 65,000. Mimi nikapiga hesabu palepale: 335,000 na 15,000 za basi na 110,000 za fundi ni 460,000. Fundi akanionyesha kwa kidole kompyuta iliyokuwa kwenye shelfu yake, imetumika pia, inauzwa 450,000, unaijaribu hapo hapo mezani kwake, na ikileta matata ndani ya mwezi unamrudishia. Nilikuwa nimepita mbele ya duka lake kila siku kwa miaka miwili.

Nikampigia muuzaji. Siku ya kwanza alikuwa muungwana ajabu: "Pole sana kaka, hebu nitumie picha." Nikatuma. Siku ya pili: "Hiyo itakuwa imeharibikia kwenye basi." Nikamuuliza, basi linapunguzaje kumbukumbu kutoka giga 8 hadi 4? Siku ya tatu akaniambia maneno ambayo naamini kila kijana wa nchi hii ameshayasikia: mali ikishatoka haina kurudi. Siku ya nne akanibloku.

Baba mdogo, ambaye kule kijijini watu humpelekea barua zao awasomee, nilimwambia yeye peke yake. Hakunicheka. Alinipa darasa. Kwanza, akasema, weka kila kitu: picha ya tangazo, maelezo yake, madau, ujumbe wa muamala, risiti ya basi, na karatasi ya fundi yenye tarehe. Pili, usitukane mahali popote, maana tusi lako litakuwa ushahidi wake. Tatu, jua unadai nini. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ile tuliyoirithi kwa Mwingereza, inasema kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kifanane na maelezo hayo. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi, na inamtaka anayeuza kwa njia hiyo ajitambulishe jina na anwani yake. Kuna Tume ya Ushindani inayopokea malalamiko ya walaji. Na ukiona namba ya simu ni ya tapeli hasa, kuna 15040 ya kuiripoti.

Nilikwenda polisi pia. Askari aliyenipokea alinisikiliza vizuri, akaandika, akanipa namba ya taarifa. Kisha akaniuliza swali zuri: "Kijana, umetumiwa kompyuta au hukutumiwa?" Nimetumiwa. "Basi hapa kuna jinai, au kuna madai?" Nikakosa jibu. Kama ni madai, njia ni mahakamani, na mwenzangu yuko Dar es Salaam, mtu ambaye jina lake halisi silijui. Nauli ya kwenda na kurudi, kulala, kula... nikaona nitatumia kahawa ya miaka mitatu kutafuta kahawa ya mwaka mmoja.

Basi usiku huo nikakaa na simu ya mshikaji wangu wa Hamugembe, kwa vile yangu imefungiwa, nikaanza kusoma minada ya nyuma ya ule ukurasa. Nilisoma kama ninavyosoma hadithi ya upelelezi, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Nikagundua kitu kilichonitoa jasho. Wale wawili walioshindana na mimi, wale walionyamaza saa tatu kasoro, walikuwemo kwenye kila mnada. Kila Ijumaa. Wanapandisha, wanapandisha, halafu wanashindwa. Minada kumi na minne, hawajawahi kushinda hata kijiko. Ni nani huyo anayeshindwa kila wiki na hachoki?

Wapiga debe, ndugu yangu. Walikuwa wapiga debe. Wale wale wa stendi wanaokaa ndani ya basi tupu ili ulione limejaa upande haraka, wakishakupandisha wao wanashuka.

Ijumaa iliyofuata, mnada ulipokuwa umepamba moto, nikaandika kwa simu ya mshikaji, kwa adabu, bila tusi: mimi ndiye niliyenunua kompyuta tarehe fulani, haya ndiyo yaliyoelezwa, hiki ndicho kilichofika, hii ndiyo karatasi ya fundi, na tazameni hawa washindani wawili kwenye minada yote. Ndani ya dakika tatu muuzaji akapiga simu. Yeye mwenyewe! Sauti imelainika kama ndizi iliyoiva.

"Kaka, mbona tunaharibiana kazi? Futa hicho, nakurudishia laki moja sasa hivi. Ubinadamu tu."

Laki moja. Nilifikiria fundo la kanga la bibi. Nikafikiria kwamba mwingine angepata sifuri. Nikajiambia maneno mengi, na kila neno lilikuwa na akili. Hela ikaingia. Nikafuta.

Wiki tatu baadaye nikapata ujumbe kutoka kwa mtu nisiyemjua, binti wa Sengerema. Anasema aliwahi kuona maoni yangu usiku ule, akayasoma nusu, akarudi kuyamalizia akakuta hayapo. Akadhani labda tumeelewana, labda nilikuwa mshindani wa biashara ninayemchafulia mwenzangu. Ijumaa iliyofuata akanunua. Alikuwa anaanza chuo. 290,000. Yake haiwaki kabisa.

"Kaka," aliandika, "yale uliyoyaandika yalikuwa ya kweli?"

Msomaji, nimeandika hadithi nyingi zenye watu wabaya. Siku hiyo nilikaa kwenye ngazi za nyumba tunayopanga, nikajiona mimi ni mmojawapo, na sikuwa hata mbaya wa kupendeza. Muuzaji aliuza kompyuta kwa uongo. Mimi niliuza kimya. Yeye alipata 335,000, mimi nikapata 100,000, binti wa watu akalipa.

Kuna habari moja niliyoisoma zamani, ikanirudia kichwani usiku ule. Ule mnada mkubwa wa mtandaoni wa Marekani unaoitwa eBay ulianzishwa mwaka 1995 na bwana mmoja, Pierre Omidyar. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kijitaa cha leza, kile cha kuelekezea ubaoni, tena kibovu. Kilikwenda kwa dola 14 na senti 83. Omidyar akashangaa, akamwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kwamba ni kibovu. Mnunuzi akajibu kwamba anakusanya vijitaa vibovu. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni kichekesho tu. Sasa naiona ni fundisho zima. Ubovu haukuharibu biashara ile, kwa sababu ulisemwa. Kompyuta yangu nayo ingeweza kuuzwa kihalali: betri imekufa, A haibonyezeki, kioo kina mstari. Fundi angeichukua kwa 80,000 akafurahi. Kilichoongeza bei kutoka hapo hadi 335,000 hakikuwa chuma wala plastiki. Yalikuwa maneno. Na maneno, wandugu, ndiyo kazi tunayodai ni yetu.

Wala sitaki mtu aseme mtandao ndio mbaya. Kahawa yetu ya Kagera siku hizi inauzwa kwa minada inayopita kwenye mfumo wa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Bibi amewahi kuhudhuria. Anasema mzigo unatajwa uzito na ubora wake, bei za wanunuzi zinasomwa mbele ya watu, na wakulima wenyewe wanaulizwa kama wameikubali bei. Wakikataa, kahawa hairuhusiwi kuondoka. Huo nao ni mnada wa mtandaoni, na mnunuzi naye yuko mbali. Tofauti ni kwamba pale kuna mizani, na kuna watu wanaotazamana usoni.

Nilimjibu yule binti. Nikamwambia ndiyo, yalikuwa ya kweli, na nikamwambia kwa nini niliyafuta, na kwa bei gani. Nilidhani atanitukana. Alikaa kimya siku mbili, kisha akaandika: "Nitumie ushahidi wako wote." Nikamtumia, mpaka orodha ya ile minada kumi na minne na namba iliyopokea hela. Ilikuwa namba ile ile. Akaupeleka polisi kwao pamoja na wa kwake, na mimi nikarudi kwa yule askari wa Bukoba nikaongeza maelezo ya kwake kwenye yangu. Maoni yangu nikayarudisha kwenye ukurasa. Baada ya siku chache ukurasa ukatoweka. Usidhani tumeshinda: mwezi uliofuata mshikaji alinionyesha ukurasa mwingine, jina jipya, na picha tatu ninazozifahamu. Taarifa zetu ziko polisi, hela zetu bado hazijarudi. Lakini sasa tuko wawili tunaoandika chini ya kila mnada.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko vyote. Jumamosi moja nikapanda gari la asubuhi kwenda Muleba, kompyuta begani, laki moja mfukoni. Nikapiga magoti. Safari hii sikuzunguka. Nikasema bibi, ile mashine ilikuwa mbovu tangu siku ya mkeka. Nilikudanganya. Na hii laki moja nilipewa ili ninyamaze, nikanyamaza, na mtoto wa mtu akaumia.

Bibi alikuwa anachambua maharage. Hakuacha kuchambua.

"Niliiona siku ile ile," akasema. "Mtu aliyepata kitu kizuri haangalii pembeni." Akatupa maharage mabovu kwa kuku. "Kwa hiyo mdomo wako nao uliuuza kwa butura, waitu. Kabla hata haujazaa."

Nikainama. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia asichukue zile hela, kwamba zina laana, tungezitoa sadaka, sijui nini. Moyoni nilitegemea pia, kusema kweli, kwamba ataniambia niendelee nazo nikatengenezee kompyuta, kama mabibi wa kwenye hadithi zangu wanavyofanya. Akanyoosha mkono. Akazihesabu mara mbili. Akazifunga kwenye fundo la kanga.

"Bado elfu hamsini," akasema.

Nazilipa kwa senene. Mwezi wa kumi na moja zilishuka nyingi, tulikesha na wenzangu chini ya taa, na mpaka sasa nimeshampelekea 30,000. Kwa 18,000 nimenunua kibodi ya kuchomeka pembeni, kubwa kuliko kompyuta yenyewe, inayotoa kelele kama mtu anayekata kuni. Haya unayoyasoma nimeyachapa humo. Ule mstari wa kijani bado upo, unapita katikati ya kila sentensi. Umeme ukikatika kila kitu kinapotea, kwa hiyo nimerudi kwenye mazoea ya kuandika kwanza kwenye daftari la kaunta.

Vijana wenzangu, mkitaka ushauri wa Profesa, ni mfupi. Kataeni kulipa kabla ya kukishika kitu mkononi, na kama yuko mbali mtafuteni mtu wa huko akakishike kwa niaba yenu. Jina la kwenye muamala lifanane na jina la mwenye duka. Wachunguzeni mnaoshindana nao, kama wamewahi kushinda. Tunzeni kila karatasi. Na mkishaibiwa, semeni mapema, na mkishasema msifute.

Ujumbe wa yule binti wa Sengerema bado ninao kwenye simu. Kila nikimaliza kuandika kitu kipya huufungua, nikasoma lile swali lake kama yalikuwa ya kweli, ndipo naanza kusahihisha.